Mkaa, mkaa mbadala, peleti, gesi au umeme? Bei na mazingira kwa jiko la Mtwara na Lindi

Huko Ulaya, peleti za kuni ni habari ya majira ya baridi. Ni vijiti vifupi vya unga wa mbao uliokaushwa na kushindiliwa kwa nguvu, unene wa milimita 6 au 8, ambavyo watu humimina kwenye jiko la sebuleni ili nyumba ipate joto. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 bei yake ilipanda sana kule, na watu wakaanza kuulizana upya kama peleti kweli ni nafuu na kama kweli zinaokoa misitu. Kwetu kusini hakuna anayetafuta joto sebuleni. Hata Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako asubuhi za Juni na Julai shuka moja halitoshi, moto huwashwa kwanza kwa ajili ya chungu.

Lakini swali lenyewe tunalo. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Nyumbani hakuna aliyekuja kutulazimisha, ila kila siku mtu anasikia tangazo: nunua mtungi, nunua jiko la umeme, jaribu mkaa mbadala, peleti hazina moshi. Kila muuzaji anasifia chake. Anayebaki njia panda ni mwenye sufuria.

Hapa nimeweka njia tano pamoja: mkaa wa miti, mkaa mbadala, peleti, gesi na umeme. Kuni za mafiga nimeziacha nje ya mashindano, kwa sababu anayeokota kuni shambani kwake mara nyingi halipi fedha, na tatizo lake kubwa ni moshi na muda, mambo yanayotaka makala yake.

Tunapima kwa nini

Kigezo cha kwanza ni bei, lakini bei ya chakula kilichoiva. Bei ya gunia, ya mfuko au ya mtungi inadanganya, kwa kuwa nishati hizi hazilingani nguvu, na majiko hayalingani kwa kupoteza joto. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina megajuli 45 hivi (megajuli ni kipimo cha nishati), na jiko lake hufikisha sufuriani nusu na zaidi kidogo, kama megajuli 25. Kilo ya mkaa mzuri ina megajuli 29, lakini jiko la bati la kawaida hupeleka sufuriani sehemu moja tu kati ya tano. Zilizobaki zinapasha ukuta na miguu ya mpishi. Kwa hiyo nitatumia kipimo kimoja kote: kazi inayofanywa na kilo moja ya gesi. Kwa kila nishati tutauliza, ili kufanya kazi hiyo, nahitaji kiasi gani na nitatoa shilingi ngapi?

Bei za mkaa, peleti na gesi ninazotumia ni za mfano, kwa ajili ya hesabu. Bei ya Chikongola si ya Ruangwa, na ya Januari barabara ikiwa tope si ya Agosti. Weka bei ya mtaani kwako, hesabu itabaki ileile.

Kigezo cha pili ni mazingira, na hapa nina maana ya mambo mawili yasiyochanganywa: miti inayokatwa, na hewa chafu, ile ya jikoni na ile inayopanda angani. Cha tatu ni upatikanaji, pamoja na unyevu wa pwani ambao wengi husahau kuuhesabu. Cha nne ni upishi wenyewe. Kuchemsha ming'oko au pweza ni kazi tofauti kabisa na kukaanga mayai.

Mkaa wa miti

Bei. Chukua kilo moja kwa shilingi 800 ukinunua gunia zima. Kazi ya kilo moja ya gesi inataka kilo 4 na kitu za mkaa kwenye jiko la bati, yaani kama shilingi 3,400. Ukinunua kwa fungu au kopo, ambako kilo huweza kufika 1,200 bila mnunuzi kujua, kazi hiyohiyo inapita shilingi 5,000. Hapa ndipo mwenye kipato kidogo anapoumia zaidi kuliko wote: analipa bei kubwa kuliko mwenye uwezo wa kununua gunia, na pengine kuliko mwenye mtungi, huku akiamini kwamba mkaa ndio nafuu yake.

Badilisha jiko tu, uingie jiko banifu lenye udongo wa kufinyanga ndani, na kilo zinashuka hadi 3 hivi. Hiyo ni kama shilingi 2,400 kwa bei ya gunia. Katika njia zote tano, sijui matumizi mengine ya fedha kidogo yanayorudisha haraka kama jiko banifu zuri.

Gunia nalo lina mambo yake. Linauzwa kwa macho, na lumbesa ya juu inaweza kuficha chenga nyingi chini. Kabla hujalipa, ingiza mkono hadi katikati, toa vipande viwili, uvigonge. Mkaa wa mti mgumu wa miombo unalia kama kigae na una uzito mkononi. Mkaa wa mti laini, hata wa matawi ya mwembe, unatoa sauti butu na utaisha kabla maharage hayajalainika. Ukiona mkaa una ubaridi na unyevu, umenyeshewa au umemwagiwa maji, na unalipia maji hayo.

Mazingira. Tanuri la udongo la kienyeji hutumia kati ya kilo 6 na 10 za kuni kupata kilo moja ya mkaa. Kwa kipimo chetu, mtungi mdogo wa kilo 6 unafanya kazi ya mkaa wa kilo 25 hivi, na nyuma ya mkaa huo kuna kuni kilo 150 hadi 250 zilizokatwa. Zidisha kwa mwaka, zidisha kwa mtaa.

Hata hivyo mkaa usibebeshwe makosa yote. Katika Lindi sehemu kubwa ya msitu husafishwa kwa ajili ya mashamba mapya, ufuta ukiwa mbele, na mkaa mara nyingine ni mabaki ya kazi hiyo. Tena miti ya miombo huchipua kwenye visiki ikiachwa. Eneo lililokatwa kwa mpango, likalindwa moto na jembe kwa miaka 20 na zaidi, linaweza kurudi. Wilaya ya Kilwa imeonyesha kwamba kijiji kinaweza kusimamia msitu wake vizuri na kufaidika: mwaka 2009 misitu ya vijiji huko ilipata FSC, cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, kupitia shirika la Mpingo Conservation. Tatizo ni kwamba mnunuzi wa Shangani au Mtanda hana njia rahisi ya kujua gunia lake limetoka kwenye mpango kama huo au limetoka usiku kwa pikipiki. Mkaa wa mikoko usiguse kabisa. Mikoko ndiyo nyumba ya kamba na samaki wachanga, na kuivuna bila idhini ni kosa.

Jikoni na hewa. Unapatikana kila kona, hauhitaji mafunzo, unafaa kwa mapishi ya moto wa taratibu. Ila mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Usiingize jiko ndani usiku, hata kama mvua inanyesha.

Unamfaa anayeweza kununua gunia kwa pamoja, mwenye ua au jiko la nje, na aliye tayari kuanza na jiko banifu.

Mkaa mbadala

Jina hili limebeba vitu vingi, na ulinganisho wowote unaouita kitu kimoja unampotosha msomaji. Kuna unaotokana na chenga za mkaa wa miti. Kuna wa vifuu vya nazi, wa maranda, wa pumba, wa magunzi. Na kuna wa makaa ya mawe, kama Rafiki Briquettes wa STAMICO, Shirika la Madini la Taifa. Vyote vinaonekana vitofali vyeusi.

Ule wa vikundi vya mtaani una utaratibu wake. Mabaki huchomwa kwenye pipa lenye hewa kidogo hadi yawe meusi, husagwa, kisha huchanganywa na uji wa unga wa muhogo, ambao kusini hatuukosi, halafu mchanganyiko unashindiliwa kwa mashine ya mkono na kuanikwa juani siku kadhaa. Ubora unategemea mikono hiyo. Uji ukiwa mwingi, moshi unaongezeka wakati wa kuwasha. Ukiongezwa udongo kupita kiasi ili tofali liwe zito, jiko linajaa majivu na moto unalegea. Jaribu kwa kuvunja kipande: kisipondeke kwa vidole, na ndani kiwe kikavu kama nje.

Bei. Chukua shilingi 600 kwa kilo. Wenye ubora wa kati una megajuli 20 hivi, kwa hiyo jiko la bati litahitaji kilo 6 kufanya kazi ya kilo moja ya gesi: shilingi 3,600, sawa au zaidi ya mkaa wa gunia. Kwenye jiko banifu zinatosha kilo 4, yaani 2,400. Mwenye kuuziwa "mkaa nusu bei" ahesabu hivi kwanza.

Mazingira. Wa vifuu, maranda au chenga hauhitaji mti mpya kukatwa, na mahali penye minazi kama Mikindani na pwani yote ya Lindi malighafi inaozea chini. Wa makaa ya mawe unaokoa miti, hilo ni kweli, lakini ni kaboni ya ardhini inayopandishwa angani na haitarudi kwenye kisiki chochote. Anayejali msitu wa jirani atauona msaada. Anayejali mabadiliko ya tabianchi ataona amehamisha mzigo tu. Mimi nauhesabu kama daraja la muda kwa mapishi makubwa, si zaidi.

Jikoni unachelewa kushika, lakini ukishashika unakaa muda mrefu kwa moto uleule. Ndiyo maana ni mzuri kwa maharage na makande na unachosha kwa chai ya asubuhi. Onyo la chumba kilichofungwa linabaki vilevile.

Unawafaa mama lishe, wachoma mihogo na samaki, na familia inayopika chungu kimoja kikubwa kwa siku, mradi wamempata mtengenezaji wanayemjua.

Peleti

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye ahadi kubwa na maelezo machache.

Peleti haziwaki vizuri kwenye jiko la mkaa wala kwenye mafiga. Zinataka jiko lake, lenye silinda ndani na mara nyingi feni ndogo ya betri au sola. Unajaza peleti, unawasha juu, na moto unashuka taratibu kwenda chini. Joto hutoa gesi ndani ya peleti, gesi hiyo inakutana na hewa ya feni kwenye matundu ya juu na kuungua pale. Ukitazama ndani jiko likiwa limekubali, unaona miali ikitoka kwenye matundu kuzunguka ukingo, na hakuna moshi. Feni ikizima ghafla, moshi mzito unafuata mara moja. Na huwezi kuongeza peleti katikati ya kazi kirahisi kama unavyoongeza mkaa. Ujazo wa kwanza ndio muda wako, mara nyingi kama saa moja. Mbaazi kavu zikiwa hazijaiva, unaanza upya.

Bei. Peleti nzuri ina megajuli 17 kwa kilo, na jiko la feni hupeleka sufuriani zaidi ya theluthi yake. Kazi ya kilo moja ya gesi inataka kilo 4 na kidogo. Kwa mfano wa shilingi 600 kwa kilo, ni kama 2,500. Kwa karatasi, peleti zinakaribiana na mkaa wa gunia kwenye jiko banifu na zinaishinda gesi. Ila gharama mbili zinakaa nyuma ya hesabu hii. Moja ni jiko, ambalo ni ghali mara nyingi kuliko jiko banifu na lina feni inayohitaji fundi. Ya pili ni safari. Nchini mwetu maranda kwa wingi yako kwenye viwanda vya mbao vya Mufindi, karibu na msitu wa Sao Hill, na kutoka huko hadi Mtwara ni zaidi ya siku moja ya lori. Kila kilo ya peleti inayobebwa hivyo inafanya robo tu ya kazi ya kilo ya gesi iliyobebwa njia hiyohiyo. Nauli inakula unafuu wote.

Kwa hiyo peleti zina maana kusini kama zitatengenezwa kusini. Malighafi ipo? Watu hukimbilia maganda ya korosho, na ni rahisi kuelewa kwa nini: takriban asilimia 70 ya uzito wa korosho ghafi ni ganda. Lakini mambo mawili yanazuia. Sehemu kubwa ya korosho yetu inauzwa ghafi kwenye mnada na kusafirishwa India na Vietnam, ganda likiwa juu yake. Na ganda lenyewe lina mafuta makali yanayobabua ngozi; aliyebangua korosho kwa mkono anayajua. Likichomwa bila kukamuliwa, moshi wake unawasha macho na koo, haufai kabisa kwa jiko la nyumbani. Makapi yaliyokamuliwa mafuta kiwandani ni habari nyingine, na yanafaa zaidi kwenye matanuri ya viwanda vyenyewe. Usikubali peleti za "ganda la korosho" bila kujua mafuta yametolewa.

Yaliyobaki ni miti ya mbaazi baada ya mavuno, matawi yanayotoka wakati wa kupogolea mikorosho, magunzi, vifuu na maranda ya mafundi seremala. Kila kimoja kina tabia yake ya majivu. Maranda safi huacha majivu chini ya asilimia 1. Pumba za mpunga huacha karibu asilimia 20, ambayo katika jiko la feni ni kuziba kila mara. Na mabaki ya shamba yasichukuliwe yote, kwa sababu udongo wa kichanga wa Mtwara unakula mboji hiyohiyo.

Mazingira. Peleti za mabaki halisi haziui mti, na moshi wake kwenye jiko sahihi ni kidogo mno ukilinganisha na mkaa na kuni. Ulaya mabishano yamekuwa juu ya peleti zinazotokana na miti iliyokatwa kwa ajili hiyo, na hoja hiyo inatuhusu pia: siku kiwanda kitakapokosa mabaki na kuanza kununua magogo, sifa ya mazingira imekwisha. Muulize muuzaji zimetengenezwa kwa nini. Asiyejua jibu asikuuzie sifa.

Unyevu ni adui mkubwa. Peleti ikipata maji inavimba na kurudi kuwa unga. Katika msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, mfuko uliofunguliwa na kuachwa kwenye kibanda cha makuti hautamaliza wiki. Zinataka ndoo yenye mfuniko.

Zinaifaa nyumba iliyo karibu na mtengenezaji wa uhakika, mpishi mmoja anayejua jiko lake, na shule au kituo chenye stoo kavu.

Gesi, ya mtungi na ya bomba

Swali ninalolisikia mara nyingi Mtwara ni hili: gesi iko Msimbati, mbona mtungi unatoka Dar es Salaam? Ni kwa sababu ni gesi mbili. Ya mtungi ni propani na butani, ambazo zinageuka kimiminika kwa kushindiliwa tu, na huagizwa kwa meli kutoka nje. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982, na ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, karibu yote ni methani. Methani haiwi kimiminika kwa kushindiliwa tu, hupozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, kwa hiyo haiingii kwenye mtungi wa kawaida. Njia yake ya kufika jikoni ni bomba.

Bei. Mtungi wa kilo 6 ukijazwa kwa 24,000, kilo ni 4,000, na hicho ndicho kipimo chetu. Kwa hesabu hii gesi inashindwa na mkaa wa gunia, lakini inashinda mkaa wa fungu. Kikwazo chake ni kutoa fedha zote siku moja. Mtungi wa kilo 15 kwa kawaida hushusha bei ya kilo kidogo. Dai mzani wakati wa kununua: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, karibu na shingo au kwenye kishikio. Jumlisha na kilo za gesi, linganisha na mzani. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kwa nyumba zilizounganishwa na bomba la TPDC, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, gesi asilia inafuta habari ya mtungi, usafiri na kuishiwa katikati ya pilau. Mita moja ya ujazo na robo hivi inafanya kazi ya kilo ya mtungi. Zidisha kwa bei iliyo kwenye bili yako. Bahati hiyo imefika mitaa michache tu, jambo linaloumiza kwa mikoa ambayo bomba la kwenda Dar es Salaam, lililokamilika 2015, linaanzia Madimba.

Mazingira. Kilo ya gesi ya mtungi ikiungua inatoa kilo 3 hivi za kabonidioksaidi. Gesi asilia kwa kazi ileile hutoa pungufu kidogo. Zote ni za ardhini, hazirudi. Lakini hazikati mti, na hewa ya jikoni inakuwa safi papo hapo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni hilo si jambo la takwimu.

Jikoni ni ya haraka, inapunguzika na kuzimika mara moja. Kwa pweza wa saa nzima na ming'oko inakula mtungi. Kumbuka gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hulala sakafuni ikivuja. Mtungi usikae shimoni wala chini ya kitanda.

Inawafaa wanaoishi chumba kimoja cha kupanga, wafanyakazi wanaotoka alfajiri, na nyumba yenye mgonjwa wa kifua.

Umeme

Bei. Kwa bei zilizodumu tangu 2016, uniti ya mteja wa kawaida ni shilingi 356 pamoja na kodi na tozo. Jiko la koili linahitaji uniti 10 hivi kufanya kazi ya kilo ya gesi: 3,560. Mwenye daraja la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa kama 122 kwa uniti, na hapo 1,220 inashinda kila kitu kwenye makala hii. Ila angalia mtego: familia inayotumia gesi kilo 8 kwa mwezi, ikihamia koili moja kwa moja, inaongeza uniti 80. Imeshatoka D1, na bei imeruka.

Jiko la presha la umeme linabadilisha hesabu. Limefunikwa, halipotezi joto, na linajizima lenyewe chakula kikishapata moto wa kutosha. Maharage au mbaazi za familia huiva mara nyingi kwa nusu uniti hivi, chini ya shilingi 200 hata kwa bei ya kawaida. Chakula hichohicho kwenye mkaa kinakula kilo nzima na zaidi. Ununuzi wa jiko ndio mzigo.

Mazingira. Kwa miaka mingi umeme wa Mtwara na Lindi umetoka hasa kwenye mitambo ya gesi asilia, na mtambo hupoteza zaidi ya nusu ya joto la gesi. Kupikia koili kwa umeme huo ni kuchoma gesi nyingi kuliko kuiwasha jikoni moja kwa moja. Jiko la presha linafidia hasara hiyo. Na kadiri nguvu ya maji ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, inavyofika kupitia gridi, umeme unazidi kuwa msafi.

Umeme ukikatika, huna jiko. Kwa anayejua kusini, hakuna haja ya kueleza zaidi.

Unawafaa wapishi wa nafaka kavu, nyama ngumu na pweza, na nyumba ya D1 inayotumia kwa kipimo.

Kwa hali yako

Kama unanunua mkaa wa fungu kila siku na fedha ni za kuhesabu, anza na jiko banifu, kisha changa na jirani mnunue gunia mgawane kwa mzani. Akiba hiyo ndiyo itakayonunua mtungi mdogo baadaye.

Kama umepanga chumba kimoja bila ua, mkaa wa aina yoyote ni hatari kwako. Chukua gesi ya kilo 6, na ukipata uwezo ongeza jiko la presha.

Familia ya watu saba au nane yenye umeme wa kawaida itanufaika kwa kugawa kazi: presha kwa maharage, mbaazi na nyama, gesi kwa chai, mboga na ugali. Jiko banifu libaki kwa siku umeme umekatika.

Kama una D1, weka daftari kando ya luku. Pika vyakula vya muda mrefu kwa presha, na uniti zikifika 60 kabla ya mwezi kuisha, rudi kwenye gesi.

Mama lishe wa stendi ya Masasi au soko la Lindi, mkaa mbadala wa vifuu kwenye jiko banifu kubwa unastahili kujaribiwa kwa wiki moja, huku ukiandika kilo na sufuria ulizopika. Ukiuziwa wa makaa ya mawe, pikia nje penye upepo.

Ukiwa Liwale au Nachingwea ndani, ambako mtungi hupanda bei njiani, mkaa au kuni zilizovunwa kwa kibali cha msitu wa kijiji, kwenye jiko banifu, zinaweza kuwa na madhara madogo kuliko unavyoambiwa. Ulizia serikali ya kijiji kama kuna mpango wa uvunaji.

Shule au kituo kinachotakiwa kuacha kuni kilinganishe gesi ya mitungi mikubwa na peleti, lakini kisisaini mkataba wa peleti kabla ya kuona zinakotengenezwa, malighafi yake, na nani atakuja kutengeneza feni Machi mvua ikiwa kubwa.

Na kikundi kinachofikiria kuanzisha peleti Mtwara au Lindi, pimeni kwanza mabaki mnayoweza kukusanya ndani ya umbali wa kilomita chache kwa mwaka mzima, pamoja na miezi ya mvua ambayo hakuna cha kuanika. Kama hayatoshi, mashine ya kushindilia vifuu na chenga itawalipa mapema zaidi.